Asmahani na Wembe Mpana

Kila jioni akitoka shule, Asmahani alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuchambua maharage, na kumpelekea Babu Ridhiwani chai ya tangawizi barazani. Hii ya tatu ndiyo iliyochukua muda, kwa sababu chai ya Babu haikunyweka bila hadithi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Nilikusimulia habari za viti viwili?"

Alikwisha kumsimulia mara ishirini. Asmahani akakaa.

Zamani, kabla hajahamia Kibondo, Babu alikuwa kinyozi sokoni Kasulu. Yeye na Mzee Nsengimana walikuwa na kibanda kimoja, viti viwili na kioo chenye ufa. Alhamisi foleni ilikuwa ya Babu, watu wakijiandaa kwa Ijumaa. Jumamosi ilikuwa ya Nsengimana, watu wakijiandaa kwenda kanisani. Mmoja akizidiwa, mwenzake alimsaidia.

"Sabuni yetu ilinukia hadi kwa wauza dagaa," Babu alisema, "na kuwashinda wale si kazi ndogo!"

Sasa mkono wake wa kulia ulitetemeka tangu apate kiharusi. Bibi ndiye aliyekuwa akimnyoa, na Bibi alipofariki, ndevu ziliachwa zijiotee. Mama alipotaja saluni za mashine, Babu alikuja juu. "Mashine? Kwani mimi nyasi za uwanja wa mpira?"

Jumatatu hiyo ikaingia simu kutoka Kasulu: Nsengimana anamwoza mjukuu wake, Epifania, Jumamosi. Babu alichangamka, kisha akashika kidevu chake na kunywea.

"Mwambieni naumwa. Siwezi kusimama mbele ya kinyozi mwenzangu na msitu usoni."

Wazee hao hawakuwa wameonana tangu mazishi ya Bibi. Asmahani alimtazama Babu, moyo ukamuuma.

"Nitakunyoa mimi, Babu. Nifundishe."

Babu alicheka hadi akakohoa. Kisha akamtuma alete kopo lenye nyembe zake tatu za kukunja.

"Upana tuliupima kuanzia mgongoni hadi kwenye makali, inchi moja ikigawanywa sehemu nane," alieleza. "Huu mwembamba ni nne. Mwepesi, lakini una papara. Ukiugusa vibaya, umeshakung'ata. Huu mpana ni saba. Hubeba povu tele, ila chini ya pua haugeuki, na mwanafunzi haoni makali yamefika wapi. Huu wa katikati ni tano. Anayeanza huanza na tano."

Akamwagiza alipake papai bichi povu la sabuni, kisha alinyoe. Likikatwa, papai hutoa utomvu.

"Likilia, ujue ningelia mimi. Siku likinyamaza juu hadi chini, njoo."

Jumanne Asmahani alishika tano. Lakini tano ilikuwa na mpini uliochakaa, wakati saba ilimetameta, tena ndiyo Babu aliyoishika kwenye picha ya ukutani. Jumatano akaichukua saba kimyakimya, akaenda nayo nyuma ya jiko. Divine, jirani aliyesoma naye darasa moja, alikuwa amemletea mapapai kutoka shambani kwao.

"Asma, hilo papai unalinyoa au unalichinja?"

"Nyamaza, unanitikisa!"

Alipofuta povu, utomvu ulichuruzika mahali panne.

"Hapa shavu," Divine alihesabu kwa kidole, "hapa kidevu, hapa mdomo, hapa... pole Babu, koromeo limekwenda. Rudia na tano, bwana."

"Tano ni ya watoto."

"Kwani wewe nani? Bibi harusi?"

Alhamisi jioni Babu aliuliza, "Vipi, papai limelia?"

"Halikulia, Babu."

Uongo ulimtoka upesi, kama mbuzi aliyekuta zizi wazi.

Wembe ukachemshwa jikoni, mbali na macho ya Babu, taulo la moto likawekwa, povu likapakwa. Babu aliegemeza kichwa, akafumba macho na kutabasamu.

"Bibi yako alianzia shavu la kulia," alisema taratibu.

Asmahani aliinua wembe. Ubapa wake mpana ulificha kila kitu. Aliona koromeo la Babu tu, likipanda na kushuka. Akaushusha.

"Babu... papai lililia. Mahali panne. Na huu si tano, ni saba."

Babu alifumbua macho. Hakucheka. Aliuchukua wembe kwa mkono wa kushoto, akaukunja.

"Ungeniua, mjukuu wangu." Akauweka kando. "Kwa nini saba?"

"Ndiyo uliyoshika kwenye picha."

"Picha ile nilipigwa mwaka wa tisa wa kazi! Mwaka wa kwanza nilijifanya bingwa, nikachukua saba ya mwalimu wangu. Mteja alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Alitoka na nyusi moja. Wanafunzi walicheka muhula mzima, na mimi nikafukuzwa, nikauza karanga wiki mbili." Akajifuta povu. "Shika tano. Tumebakiwa na kesho."

Jioni hiyo papai la kwanza lililia mahali pawili, la pili mahali pamoja tu. Ijumaa, baada ya shule, la tatu likanyamaza. Safari hii alimpa Babu papai lenyewe, naye Babu akalipapasa lote kwa vidole vyake.

"Haya. Chemsha maji."

Alinyoa kwa nusu saa, Babu akimwongoza. "Usikandamize. Wembe una uzito wake." Damu haikutoka, ingawa chini ya sikio kilibaki kishungi cha ndevu ambacho Mama alikimaliza kwa mkasi, huku akijizuia kucheka.

Jumamosi asubuhi, Kasulu, Nsengimana aliwapokea mlangoni akiwa na koti lake la harusi. "Amahoro, amani kwako, Ridhiwani!" Kabla hata ya kumkumbatia, alipitisha kiganja shavuni mwa rafiki yake, kutoka chini kwenda juu, kama vinyozi wanavyokaguana. "Nani amekunyoa?"

Babu akamsogeza Asmahani mbele, akasimulia yote bila kuficha.

"Mjukuu wangu," Nsengimana alisema, "wembe mkubwa haumfanyi mtu fundi. Shika unaouweza leo, ufanyie mazoezi mpaka mkono uzoee. Na ukishindwa, sema, kabla mtu hajakupa shingo yake. Wewe ulisema. Ndiyo maana babu yako yuko hapa."

Wazee wakatazamana, macho yakawalowa, wakasingizia vumbi.

Kisha Nsengimana akajikuna kidevu. "Sasa, na mimi hapa pembeni pamenishinda, macho siku hizi hayaoni. Wembe wangu uko kabatini."

Asmahani aliufungua, akatazama kwanza upana wake. Ulikuwa tano. Akaomba maji ya moto.