Nafasi za Kujibia

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tulimwita Mtaalamu, na si kwa heshima. Ni mwalimu wa kompyuta, wa wale ambao kabla hawajakaa kwenye kiti chako wameshakuuliza simu yako imebakiza nafasi kiasi gani. Yaliyompata watu huyasimulia kwa kumwonea huruma. Mimi nilikuwepo, na huruma yangu haikuwa nyingi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, tuko kwa baba, madirisha wazi, nguo zimeanikwa uani. Baba alikuwa na kaseti arobaini na moja za marehemu mama. Miaka ile baba alipokuwa kwenye kambi za ujenzi wa barabara, mama hakuwa mtu wa kuandika barua. Alijirekodi, akampa dereva wa lori apeleke. Alizungumza kana kwamba mumewe amekaa mbele yake: anauliza, ananyamaza ajibiwe, anaendelea. Tangu tumzike, kila siku saa tisa alasiri baba aliweka sahani yake mezani na kubonyeza redio ya kaseti.

"Umekula?" mama anauliza.

Kimya. Mkanda unakwaruza.

"Ndiyo nakula, mama watoto," baba anajibu.

"Hebu acha uongo. Umekula nini?"

Baba anacheka, anataja kimoja kimoja, huku anatafuna. Mbele yetu alikuwa anadonoa tu. Mbele ya redio alikuwa anamaliza sahani.

Mtaalamu akasema kaseti zinaota ukungu. Hapo alisema kweli, nampa haki yake. Akazibeba zote, na wiki mbili baadaye akarudi na flashi isiyozidi ukucha, na spika ya umeme ya kuichomeka.

"Zimo zote humu," akatangaza. "Saa kumi na tisa nimezipunguza zikawa kumi na moja. Programu imekata sehemu zote tupu."

"Tupu zipi?"

"Ukimya, shemeji. Mama alikuwa ananyamaza sana."

Mimi nimefanya kazi masijala ya hospitali miaka ishirini na sita. Nikamuuliza kama ameisikiliza nakala yake mwanzo hadi mwisho. Akacheka, eti kompyuta imeshasikiliza. Nikamuuliza kaseti ziko wapi. Amezichoma moto jalalani, zilikuwa zinajaza buti la gari. Mtu mzima huyo, na miwani yake, na cheti chake ukutani.

Kesho yake saa tisa baba akawasha spika. Mama akamwagika: umekula hebu acha uongo umekula nini watoto hawajambo paa linavuja unarudi lini. Baba akafungua kinywa, akafunga. Akafungua tena. Siku ya nne akaisukuma sahani pembeni.

"Haniulizi tena," akasema. "Ananipita tu."

Baada ya wiki tatu suruali yake ilikuwa inashikwa na kamba. Daktari hakuona ugonjwa wowote. Baba yangu alikuwa anakufa, na niliyemlaumu alikuwa anaendelea kujisifu barazani kwamba ameokoa urithi wa familia.

Nikamfuata kwake mchana kweupe, nikamsimamia kichwani. "Virudishe hivyo vimya vyako."

"Ukimya ni ukimya tu, shemeji. Nitapachika sekunde tano tano kila mahali, mzee hatajua." Akafungua nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake, akabofya hapa na pale, akapachika, akabonyeza.

"Umekula?"

Sekunde tano. Hazikuwa tupu. Mtu alikuwa anapumua ndani yake. Polepole. Anasubiri.

Zikapita kumi. Zikapita ishirini.

"Huyu siye," mama akasema.

Maneno hayo hayakuwemo kwenye kaseti hata moja. Kaseti zile nazijua zote. Mtaalamu akachomoa waya wa spika. Pumzi ikaendelea.

"Usijibu," nikanong'ona.

Lakini huyu amewahi lini kukaa kimya? "Mama, ni mimi mkweo," akasema, "ni hitilafu ndogo t..."

Mdomo ukaendelea kwenda. Sauti haikutoka. Akapiga meza kwa kiganja. Meza haikulia. Akapiga tena, kwa nguvu, kikombe kikaanguka sakafuni na kuvunjika vipande, bila mlio. Kisha sauti ikamrudia, akiwa amekaa chini, macho yamemtoka.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yake. Kila alasiri, darasani, katikati ya maelezo, anazimika. Wanafunzi mwanzoni walicheka. Mdogo wangu alimwona anashuka ngazi na viatu vyake, kimya, hata mbwa hakugeuka.

Na upande wa pili wa mji, baba alianza kula.

Nilikwenda nikaona mwenyewe. Flashi ilikuwa ile ile, spika ile ile. Mama anauliza. Kimya. Baba anajibu, anachota kijiko. Simu yangu ikaita mfukoni, mdogo wangu: "Dada, ameanza tena." Mama alipoendelea kuzungumza, mdogo wangu akasema, "Amerudi." Mama akauliza swali jingine. "Dada. Amezimika."

Siku baada ya siku vimya vya shemeji vikarefuka. Siku ya tisa sauti haikurudi kabisa.

Mdogo wangu akaja kwangu analia. "Mwambie baba aache kusikiliza. Nakuomba, dada. Niliolewa na mtu, sikuolewa na ukuta." Ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Nikamwambia sawa, nitakwenda nizime.

Nilifika saa tisa na dakika chache. Baba alikuwa mezani, mashavu yamejaa.

"Paa umeniambia utaliziba," mama alikuwa anasema. "Lini?"

Kimya. Na ndani yake, kwa mbali, kama kutoka chini ya tangi, mtu analia.

"Shemeji," anasema. "Shemeji, zima."

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Wakubwa wanaongea."

Baba akacheka. "Ana kelele huyo kijana," akaninong'oneza. "Mama yako anamvumilia tu."

Niliogopa. Hata hivyo nilikuwa nimeahidi. Nikanyoosha mkono kwenye spika, nikaigeuza.

Tundu la flashi lilikuwa tupu. Waya wa umeme ulikuwa umeviringishwa vizuri pembeni, umefungwa kwa mpira.

"Unatafuta nini?" baba akauliza.

Nikasema sitafuti kitu. Sahani yake ilikuwa imebaki kidogo tu. Nikairudisha spika ilivyokuwa, nikamwongezea chakula.