Mguu Baridi wa Kiwembe

Simu iliita jua likizama, Mzee Mikono akifunga vizibo vya chupa zake za mafuta ili arudi nyumbani.

"Mzee, njoo kwa mama. Ni mguu."

Ilikuwa sauti ya Kiwembe. Hakusema zaidi, na mzee hakuuliza zaidi. Aliubeba mkoba wake, akafunga mlango wa chumba cha kazi, akashika njia.

Alikuwa mchua misuli wa timu ya taifa kwa miaka kumi na tisa. Katika hiyo, miaka kumi na sita aliushika mguu wa kushoto wa Kiwembe kabla ya kila mechi. Aliujua kuliko anavyozijua sura za wajukuu zake. Ndio mguu uliofunga mabao hamsini na mawili kwa taifa. Ndio uliomtoa kijana mtaani akiwa na miaka kumi na tisa, ukamvusha bahari, ukampitisha klabu tatu za watu wazito, kisha mwaka huu ukamrudisha nyumbani ana thelathini na tano, hana klabu, na nywele zimeanza kumkimbia kwenye paji la uso.

Mguu huo ulikuwa na mambo mawili ambayo Mzee Mikono hakuwahi kumwambia mtu.

La kwanza, ulikuwa wa baridi. Siku alipoushika mara ya kwanza alidhani kijana ametoka kuoga maji ya kisima. "We, mguu huu umelala kwenye jokofu?" akamtania. Wachezaji wakacheka. Kiwembe hakucheka.

La pili, mguu ule haukuwa na kumbukumbu. Mchezaji akipigwa teke leo, mkono wa mchuaji utalikuta teke hilo miaka kumi baadaye, limejificha chini ya ngozi kama changarawe kwenye wali. Mguu wa Kiwembe ulikuwa laini kama wa mtoto. Akiumia Jumapili, Jumatano amepona. Mwaka mmoja, kwenye mechi ya kufuzu, beki alimkanyaga kifundo, na Mzee Mikono akiwa benchini alisikia mfupa ukilia… kah! Alikimbia, akakifunga kwa mikono yake mwenyewe. Siku sita baadaye Kiwembe alikuwa uwanjani, anakimbia kama paa. Madaktari walisema ana damu nzuri. Mashabiki walisema ana dawa. Mzee Mikono alisema asiyeulizwa hajibu, akaendelea kumimina mafuta.

Mlango ulifunguliwa na mama mtu. Nchi nzima ilimwita Mama Kiwembe, hata magazetini. Alikuwa amevimba macho.

"Karibu, baba. Pita huku nyuma."

Walipita sebuleni, penye medali na picha ukuta mzima, wakaingia kwenye korido ndefu. Kiwembe alikuwa ameketi sakafuni mwisho wa korido, mgongo umeegemea mlango uliofungwa. Hakuwa amewasha taa.

Mzee Mikono alipiga goti, akafungua mkoba. "Haya, leta mguu."

"Si wangu, Mzee."

"Wa nani?"

Kiwembe alitazama chini. "Wa kaka."

Mkono wa mzee ulibaki ndani ya mkoba. Miaka kumi na sita! Wamelala kambi moja, wamekula sahani moja, wamelia pamoja siku ya penalti. Hakuwahi kusikia kwamba Kiwembe ana kaka.

Mama alisogea karibu, akanong'ona. "Mimi si Mama Kiwembe, baba. Huyo aliye ndani ndiye wa kwanza. Ndiye aliyenifanya niitwe mama."

Kiwembe alisogea pembeni. Mlango ukafunguka.

Harufu ndiyo iliyomsimamisha mzee pale kizingitini. Alitegemea harufu ya mgonjwa. Aliyoikuta ni ya nyasi… nyasi zilizokatwa asubuhi na kumwagiwa maji. Ndani yake kulikuwa na jasho la jezi, na mafuta ya mkaratusi. Mafuta yake mwenyewe, anayoyachanganya peke yake na hamuuzii mtu.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Kitandani alilala mwanamume mwembamba, ndevu zimeingia mvi kabla ya wakati. Uso ulikuwa wa Kiwembe kabisa, kama Kiwembe angenyimwa jua tangu utotoni. Macho yalikuwa wazi. Alipumua kwa shida, pumzi fupi fupi.

"Daktari amekuja mara mbili," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ana jipu ndani ya nyonga, limeshaingia kwenye damu. Alitaka kumpeleka hospitali, mwanangu akakataa. Anasema amechoka. Nilitaka tu apate usingizi."

Mzee Mikono alipaka mafuta viganjani, akayasugua yapate joto, akaingiza mikono chini ya shuka.

Mguu wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Ulikuwa umesinyaa miaka mingi, mguu usiokanyaga ardhi. Lakini ulikuwa wa moto, moto wa mtu aliyetoka kukimbia sasa hivi. Aliuanza kwenye ugoko, polepole, kama anavyoanza siku zote.

Kidole gumba kikakuta kovu.

Kovu la njumu, urefu wa njiti ya kiberiti, limepinda kidogo kuelekea ndani. Mikono ya mzee ilisimama. Alilijua kovu hilo. Aliliosha mwenyewe lilipokuwa bichi, mechi ya kwanza ya Kiwembe, vyumba vya kubadilishia, damu ikichuruzika kwenye soksi.

Akapanda juu. Kwenye shavu la mguu, fundo. Alilijua. Gotini, upande wa nje, kano iliyochanika ikajiunga vibaya. Aliijua. Nyuma ya paja, msuli wenye kovu mara tatu, mahali pale pale.

Akashuka kwenye kifundo. Hakutaka kushuka. Mikono ilishuka yenyewe.

Mfupa ulikuwa umevunjika. Ukaunga ukiwa umepinda, kwa sababu hakuna aliyeufunga.

Mguu ambao haujakimbia miaka mingi ulikuwa umebeba mechi zote za Kiwembe.

"Ni wewe," mgonjwa alinong'ona. Mzee alishtuka mpaka chupa ikaanguka. "Nakujua. Ulikuwa unafika mpaka huku… kabla ya mechi. Siku hizo nilikuwa nalala vizuri."

Mzee Mikono aliiokota chupa.

"Ule mpira wa dakika za mwisho," mgonjwa aliendelea, "ulipiga mwamba kwanza. Sivyo?"

"Ulipiga mwamba kwanza," mzee alisema. "Halafu ukaingia."

Mgonjwa akatabasamu. "Nilijua. Nilikuwa nimezima redio, roho yangu haikuweza. Lakini niliusikia kwenye kidole."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alizungumza akiangalia ukuta, kama mtu anayetua mzigo ambao mabega yameshauzoea.

Mdogo alizaliwa na mguu wa kushoto umelegea kama utambi. Mkubwa ndiye aliyembeba. Alikuwa na miaka minane, mdogo minne, na huwezi kumkuta mmoja bila mwingine. Mkubwa alicheza mpira mtaani na mdogo yuko mgongoni, na bado anafunga. Watu walisema huyu atafika mbali akimtua huyo wa mgongoni.

Mama aliambiwa kuna mwanamke anayesaidia watoto wa namna hiyo. Akaenda na wote wawili, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mkubwa. Mwanamke yule hakuchinja kitu, hakuchoma kitu. Aliushika mguu wa mdogo, akauliza swali moja: "Nani atambeba?"

"Nilidhani anauliza habari ya kurudi nyumbani," mama alisema. "Mwanangu akanyoosha kidole kama yuko darasani. Akasema, mimi. Yule mwanamke akamuuliza, mpaka lini? Akasema, mpaka achoke yeye."

Waliporudi, mdogo aliomba kushushwa. Akatembea. Mkubwa alifika mlangoni, mguu wa kushoto ukakunjika, hakusimama tena.

"Nilirudi kwa yule mwanamke kesho yake. Nilimkuta anafagia uwanja wake. Nilimlilia, nilimshika miguu. Alinitazama kama hajawahi kuniona. Na mpaka leo, baba, sijui kama aliniongopea au ni kweli hakunijua."

Kiwembe alikuwa amesimama mlangoni. Mzee Mikono alimgeukia. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Ulijua?"

"Mwanzoni sikujua. Nilijua mwaka ule wa kifundo. Mama alinipigia. Akasema kaka amelia usiku kucha, mguu umevimba, na hajatoka kitandani. Nikaelewa hapo hapo. Nilikuwa nimebakiza siku nne kabla ya mechi."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheza, Mzee. Nikafunga mawili."

Mgonjwa alimgeuzia mdogo wake uso.

"La pili lilikuwa zuri," alisema. "Msimwonee mdogo wangu. Asingecheza, mimi ningekaa tu humu ndani. Angalau nilitembea dunia." Akavuta pumzi, ikachelewa kutoka. "Ile nyonga tu… ile ya mechi ya mwisho. Ile imenishinda."

Mzee Mikono aliikumbuka. Beki alimpiga Kiwembe goti la nyonga, uwanja mzima ukaguna. Kiwembe aliinuka, akajipangusa majani, akaendelea.

"Umechoka, mdogo wangu?" mgonjwa aliuliza.

Kiwembe alipiga magoti pembeni ya kitanda, akaweka kichwa chake kwenye kifua cha kaka yake. "Nimechoka, kaka. Nishushe."

Mzee aliendelea kuchua. Hakujua la kufanya zaidi ya lile alilolifanya maisha yake yote. Alichua mpaka akahisi joto linaondoka chini ya viganja vyake. Lilianza vidoleni. Likapanda kwenye kifundo… ugoko… goti. Polepole, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba. Lilipofika juu ya paja, pumzi fupi fupi zilikuwa zimekoma.

Mama alifunika uso wa mwanawe wa kwanza.

Harufu ya nyasi ikakatika ghafla. Chumba kikanuka ugonjwa, kama vyumba vyote.

"Mzee," Kiwembe alinong'ona. Alikuwa ameshika paja lake la kushoto kwa mikono miwili, macho yamemtoka. "Umepata joto."

Walizika kesho yake. Waandishi wa habari walikuja kwa ajili ya Kiwembe, wakaandika kwamba nyota amefiwa na ndugu, na hakuna aliyeuliza jina la ndugu.

Wiki ya tatu Kiwembe alifika kwenye chumba cha kazi cha Mzee Mikono, jioni, watu wameshaondoka. Alijilaza mezani. Mzee alianzia kwenye ugoko. Kulikuwa na jeraha la njumu, urefu wa njiti ya kiberiti, bichi, linavuja damu.

"Umejikwaa?"

"Hapana. Niliamka nalo."

Wiki iliyofuata lilikuja fundo la kwenye shavu la mguu. Iliyofuata, kano ya goti. Kiwembe alianza kutembea akivuta mguu. Mzee alimtafutia dawa za maumivu, akazikataa. Alisema anataka kuyajua yote, moja moja, kama yalivyokuwa. Sikukuu moja walimwita uwanjani wampe zawadi ya kumuaga, hakwenda. Alikaa na mama yake kwenye chumba cha nyuma, wamefungua dirisha.

Jioni moja alikuja na fimbo. Msuli wa nyuma ya paja ulikuwa umechanika. Alipolala mezani alitetemeka, jasho linamtoka, lakini uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayelipwa haki yake.

"Mzee, wewe unakumbuka zote. Zinakuja kwa mpangilio, sivyo?"

"Zinakuja kwa mpangilio."

"Zimebaki ngapi?"

Mzee Mikono alihesabu kimoyomoyo. Kilikuwa kimebaki kifundo. Baada ya kifundo, vidonda vidogo vidogo vya miaka yake ya mwisho uwanjani, si vingi. Na baada ya hivyo, nyonga.

Nje, mtu alipita akipiga mluzi. Mzee alimimina mafuta kiganjani, akayasugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lala kifudifudi, mwanangu," alisema. "Leo nianze na mgongo."