Utamkuta

Foleni ya dirisha la dawa katika hospitali kuu ilikuwa imejikunja mpaka nje, na watu walishaanza kugombana nani kamtangulia nani. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamume mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa likanyooka, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Alikwishapewa dawa yake, lakini hasogei. Ameishika chupa ndogo kwa mikono miwili, anaitazama tu.

"Kaka, umeshahudumiwa, tupishe basi na sisi," alisema mwanamke wa nyuma yake. Alivaa sare ya bluu ya uuguzi na alibeba begi zito la mgongoni.

"Samahani, sista. Wanasema hii ni mofini. Nikimpa mama yangu, si atageuka teja?"

"Mama anaumwa nini?"

"Kansa ya ini. Daktari kasema hakuna tena cha kufanya."

"Kipo. Asiumie." Alimvuta pembeni kwa mkono wa shati, nafasi yake kwenye foleni ikaenda hivyohivyo. "Mimi natoka kituo cha tiba shufaa. Tunawafuata majumbani wagonjwa ambao hawatapona. Tunatuliza maumivu yao, na ndugu zao hatuwaachi peke yao. Mpe kwa kipimo, kwa saa zake. Hatakuwa teja. Atalala usingizi wa watu."

Mwanamume akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Kisha akamtazama vizuri, juu mpaka chini, akakunja uso.

"Sista, nani alikushonea hiyo sare?"

"Kwani ina nini?"

"Bega la kushoto. Aliyelishona ana kisa na wewe."

Alicheka, jamani! Alicheka palepale mbele ya wagonjwa mpaka akaziba mdomo. Huyo ndiye Sista, na yule ndiye Fundi, na mimi ningeomba hadithi iishie hapo kwenye kicheko.

Wiki ileile kituo kilimpangia Sista nyumba ya Fundi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la kushonea. Mama mgonjwa alilala dirishani, mwembamba, macho makali, kopo la vifungo kando ya mto. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyetia vifungo kwenye kila nguo iliyotoka katika duka lile, kwanza za mumewe, kisha za mwanawe. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo.

"We Fundi," alisema siku ya tatu, "huyu binti kaja kunipima presha mimi. Wewe unampima nini kwa macho?"

"Bega, Mama. Nataka kumrekebishia bega."

"Haya. Bega tangu lini likawa kiunoni?"

Sista alijifanya anatafuta kitu ndani ya begi. Lakini jioni aliiacha sare dukani, na asubuhi Fundi alikuwa amelifumua bega lile na kulishona upya, na lilikaa sawa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Mapenzi yao yalikua kwa simu za mchana, baina ya nyumba moja ya mgonjwa na nyingine.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Mimi nimekula maneno ya Mama. Anasema nikikuacha atakuja kunivuta miguu."

"Mwambie mkwewe anamsalimia."

"Mkwe! Umelisema mwenyewe. Nimekurekodi."

Sasa nisimfichie mtu. Pale kituoni kulikuwa na utaratibu, na Sista aliujua kuliko anavyolijua jina lake: moyo wako ukiingia katika nyumba ya mgonjwa, unaikabidhi nyumba hiyo kwa mwenzako. Huulizwi sana. Unasema tu, "Hii ichukueni," na wenzako wanaelewa. Yeye hakusema. Kila Ijumaa wauguzi walifunga mlango, wakapanga viti mduara, kila mmoja akataja mgonjwa anayemkaa kooni. Zamu yake ikifika alisema, "Mimi niko salama," akapokeza kwa jirani. Alitaka kuendelea kugonga mlango ule mwenyewe.

Mwezi wa tatu wa kumhudumia, asubuhi moja, alifika akaikuta miguu ya Mama Vifungo imekuwa ya baridi na pumzi imebadilika. Dukani, Fundi alikuwa akifunga marobota ya sare za shule za kupeleka mji wa mbali, safari ya siku tatu kwenda na kurudi. Mama akamshika Sista kifundo cha mkono.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Mama..."

"Sikuzaliwa jana."

"Mbili. Zikizidi sana, tatu."

"Basi mwache aende na mzigo wake. Baba yake alimfia mikononi, akakaa mwaka mzima hagusi cherehani. Sitaki anione. Usimwambie. Niahidi, mwanangu."

Sista aliahidi. Hapo sina ugomvi naye. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Ugomvi wangu ni wa saa nne, simu ilipoita akiwa njiani kwenda nyumba nyingine.

"Mpenzi, nimesimama mlangoni mwa basi, kondakta ananitolea macho. Leo Mama kanitazama tofauti. Niambie neno moja tu. Niende, au nirudi?"

Angeweza kusema, "Rudi ukaongee naye kwanza." Angeweza kusema, "Hilo siwezi kukujibu," na Fundi, ambaye si mjinga, angeshusha marobota. Lakini aliisikia hofu katika sauti ile anayoipenda, akataka kuiondoa saa ileile.

"Nenda, roho yangu," alisema. "Utamkuta."

"Kweli?"

"Utamkuta, nakwambia."

Fundi akacheka kwa kushukuru. "Basi nikirudi tu tunakwenda kwenu kujitambulisha. Gauni ninalokushonea limebaki pindo."

Mama Vifungo alikufa kesho yake saa nane mchana, mkono wake ndani ya mikono ya mdogo wake wa kike aliyekuja kumuuguza, bila maumivu. Sista alitoka uani, akapiga simu.

"Fundi, kaa chini kwanza."

Upande wa Fundi kengele ya shule ilikuwa ikilia.

"Ulisema nitamkuta."

"Fundi wangu..."

"Si ulisema?" Simu ikakatwa.

Mazikoni Fundi alipokea pole za mtaa mzima. Ilipofika zamu ya Sista, mkono wake aliutia mfukoni. Watu waliona. Sista alirudi kituoni kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na aliyempungia hakumwona.

Pale kituoni kuna kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Mgonjwa akifa, familia haifutwi daftarini. Wiki ya sita, wakati wageni wameshatawanyika na sufuria zimesharudishwa kwa wenyewe, muuguzi aliyekuwa akiihudumia nyumba hiyo anaipigia. Wiki ya sita ya Fundi ilipofika, Sista aliandika daftarini: *Hapatikani.* Kesho yake akaandika tena. Na tena.

Ijumaa, viti vikiwa mduara, zamu ilimfikia.

"Mimi niko salama."

"Huyo 'niko salama' wako kanichosha," alisema Mshauri, mzee wa kitambi aliyewasikiliza wauguzi hao kwa miaka kumi na mbili. "Fundi umempigia mara ngapi?"

"Tatu."

"Simu ya ofisi haijaitafuta namba ile hata mara moja. Nimeangalia. Binti yangu, huo nao ni msiba, na unao peke yako. Utanyamaza nao au utasema?"

Akasema. Alilia mpaka kamasi, akasema yote, ahadi na neno na mkono uliotiwa mfukoni. Hakuna aliyemkemea. Muuguzi wa kushoto kwake alimpa leso, wa kulia akasema, "Ile nyumba ungetupa sisi, dada," na hilo lilimuuma kuliko kukemewa. Mshauri akamsogezea simu.

Fundi alipokea mara moja.

"Napiga kutoka kituoni," alisema Sista kwa sauti yake ya kazini. "Ni wiki ya sita. Tunapenda kujua unaendeleaje. Unalala?"

"Silali."

"Unakula?"

"Nikikumbuka."

"Una... una mtu wa kuongea naye?"

"Nilikuwa naye," Fundi alisema. Kisha akaongeza: "Njoo uchukue gauni lako. Linanitazama."

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Cherehani lilikuwa limefunikwa shuka, kopo la vifungo liko juu yake. Gauni lilitundikwa ukutani, la rangi ya zambarau, kola ndogo, vifungo vya lulu mgongoni. Vifungo vile ndivyo vya mwisho kushonwa na Mama. Alilivaa nyuma ya pazia, akatoka. Lilimkaa utadhani kazaliwa nalo. Fundi alimtazama, midomo ikamcheza, akapiga magoti na pini zake mdomoni kurekebisha pindo.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe."

Akabana pini ya kwanza. "Mama mdogo kaniambia. Mama ndiye aliyekukataza kusema."

"Ndiyo."

"Nimemkasirikia yeye, nimejikasirikia mimi. Nimechoka, Sista. Nataka nyumba hii iwe na mtu." Akanyanyua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na ombi. "Na lile 'utamkuta', nalo yeye ndiye aliyekutuma kulisema?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Neno moja tu, ndiyo, na marehemu hawezi kumkana. Angeondoka pale na mume. Sista alilitia mdomoni, akaliona lilivyo jepesi, jepesi kama lile la kwanza.

"Hapana," alisema. "Yeye alinikataza kusema tu. Lile nililiongeza mimi. Nilitaka ucheke."

Fundi alichomoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye kijaluba.

"Ungesema ndiyo tu."

"Najua."

"Nilikuwa nimeshakusamehe, mama wee! Nilikuwa nasubiri ndiyo yako tu!"

"Najua, mpenzi. Nimechoka kukudanganya."

Alilia palepale sakafuni, na Sista akakaa chini na gauni lake jipya, akamshika kichwa. Mteja alipiga hodi, akachungulia, akaondoka zake.

"Nakupenda," Fundi alisema mwishowe. "Lakini siku nitakayoumwa, ukiniambia nitapona, nitakuamini vipi? Nikikuuliza mtoto ana homa kiasi gani? Nitakuwa nakuuliza kila kitu mara mbili. Hayo si maisha."

Sista alivua gauni nyuma ya pazia, Fundi akalimalizia pindo. Hakuliacha hivyohivyo, alilipiga pasi, akalikunja, akalifunga kwenye karatasi. Sista alisimama mlangoni na sare yake, bega limekaa sawa.

"Tutaonana?"

"Sijui," alisema Fundi.

Jumatatu Sista alikuwa katika nyumba nyingine, ghorofa ya nne, kwa mzee aliyekuwa akivuta pumzi fupifupi. Binti wa mzee huyo alisimama mlangoni amevaa nguo za ofisini, pochi begani, funguo mkononi.

"Sista, nina kikao, narudi saa kumi. Nitamkuta?"

Alimtazama yule binti. Alikuwa na hofu ileile, na Sista angeweza kuiondoa saa ileile.

"Sijui, dada," alisema. "Ningekuwa wewe, nisingetoka."

Yule binti aliangua kilio. Kisha akavua viatu, akaweka pochi chini, akaenda kukaa kitandani kwa baba yake. Sista alimletea mto wa kuegemea, akafungua begi, akaanza kupima dawa.