Mashine ya Tatu

Ujumbe ulisomeka hivi: Mashine tatu. Kumbukumbu gigabaiti sitini na nne kila moja. Diski tupu. Saa za mashine zote ziende sawa. Chumba chenye baridi kuliko vyote nyumbani.

Ungedhani ni oda ya duka la kompyuta.

Kagendo wa Idara ya Ujasusi aliusoma mara mbili, kisha akaufuta. Aliyeuandika ni Obeid, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Langoni, aliyetekwa siku tano zilizopita na genge la magendo ya silaha. Genge lilikuwa limeiba diski zenye majina ya mashahidi kumi na mmoja waliofichwa na serikali. Diski zisingesomeka mpaka fundi ajenge hifadhi mpya yenye masharti hayo. Zikisomeka, mashahidi wangeuawa wote.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Saadiya wa Siyu, dada yake Obeid.

Ijumaa, saa saba mchana. Wanaume wa mtaa walikuwa msikitini. Kagendo alipita ndani ya buibui, Glock 19 kiunoni. Mlangoni mwa nyumba alimofungiwa Obeid walikaa walinzi wawili, AK zao chini ya shuka. Hawakumtazama hata kidogo.

Wajinga wale! Walilinda mlango wa barabarani tu.

Bi Ummu, jirani wa ng'ambo ya uchochoro, alimngoja ghorofani kwake. Ndiye aliyeipiga picha karatasi ya Obeid na kuituma. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na wikio, chumba kilichojengwa juu ya uchochoro ili wanawake watembeleane bila kushuka chini.

"Hii ni ndia ya wake," alinong'ona. "Wageni hawaiyui. Wadhani ni mlango wa kabati."

"Na Obeid ndiye aliyekichagua chumba cha upande wa pili?"

"Ndiye. Kwa baridi yake, awaambia."

Kagendo alibonyeza redio yake ya Motorola kumwita msaidizi wake kituoni. "Tevin, boti ya pili ya askari iko wapi?"

"Dakika ishirini, madam."

Alivuka wikio, akafungua mlango.

Mashine tatu zilinguruma ukutani. Obeid aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limevimba, likafumba.

"Toa hizo diski tuondoke," Kagendo alisema.

"Haifai, dada. Ya tatu imekuya leo, kazi imekwisha. Kila jina limekatwa vipande na kugawanywa mashine zote. Crispus yuko tini, aunganisha simu ya setilaiti. Dakika kumi, majina yamekwenda."

"Basi?"

"Nizifute zote. Dakika nne. Kila mashine yataka neno la siri, na neno nalo ni refu."

"Obeid!" Sauti ya Crispus, mkuu wa genge, ilipanda ngazi. "Bado?"

"Bado kidogo, bwana!" Akamgeukia Kagendo. "Kila dakika yuwaita. Nisipoitika, yuwaya."

"Niachie mimi. Wewe pita kwa Bi Ummu."

"Utaitika kwa sauti ya nani?"

Kagendo aliichukia ile hali, na alijichukia yeye mwenyewe kidogo. Alijibanza kando ya mlango wa ngazi, bastola mkononi.

Mashine ya kwanza ikafutika.

"Obeid!"

"Bado kidogo, bwana!"

Ya pili.

Jasho lilimtiririka Obeid. Alikosea neno la mashine ya tatu. Akaanza upya, herufi moja moja.

"Obeid!"

Hakuitika. Midomo yake ilikuwa ikihesabu herufi.

"Obeid!"

Akabonyeza.

Risasi zilipasua mlango kabla haujafunguka. Obeid aliangukia kibodi. Crispus aliingia na AK yake, akakiona kioo cheupe kisicho na jina hata moja, akapiga kelele.

Kagendo alimpiga mbili, kifuani.

Akailinda ngazi kwa bastola mpaka askari wa boti ya pili walipofika chini. Walinzi walilazwa kifudifudi uchochoroni huku watu wakitoka msikitini.

Kagendo alifumba jicho moja la Obeid. Lile lingine lilikuwa limefumba tayari. Motorola ikakoroma.

"Madam, mafundi wa huku wanashangaa ile list ya Obeid. Kazi kama hiyo mashine mbili zingetosha. Mbili walikuwa nazo tangu Jumatatu. Kwa nini aliitisha ya tatu?"

Kagendo aliwaza zile siku nne za kungoja mashine, jicho lililovimba, na mtu aliyekuwa akijua wakati wote kuwa mbili zinatosha.

"Ili mimi nifike," alisema.

Akazima redio. Akashusha buibui usoni, akapita wikio kwa hatua zilezile za polepole alizojia. Bi Ummu alimtazama, akaelewa, akaketi sakafuni.

"Siyu kwa Saadiya naenda kwa ndia gani, Bi Ummu?"