Kesho, Mke Wangu

"Polepole, Neville! Usikimbilie... Robo tu. Hapo! Hapo hapo! Mwache apumue."

Sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilitoka gereji ya uani, gereji ya mume wa Rozelda Jantjies, na Rozelda mwenyewe alikuwa jikoni, kashika bakuli la samaki wa Pasaka wa siki na bizari, masikio yamemsimama kama ya sungura.

Akanyatia hadi dirishani. Boneti ya lile gari jekundu la spoti, la viti viwili, ilikuwa wazi, injini inaunguruma. Upande mmoja kainama Neville, miaka hamsini na minane, bisibisi mkononi. Upande wa pili kainama Bernadine, ovaroli imembana panapobanika, midomo kaipaka rangi kama bibi harusi. Vichwa vyao vilikaribia kugongana.

Rozelda akalitua bakuli, akampigia simu dada yake anayekaa mji wa jirani, Kariega.

"Valencia, yumo humu humu nyumbani kwangu!"

"Nani?"

"Yule anayesema anamuuzia vipuri."

"Wanafanya nini?"

"Wameinama."

"Wameinama vipi, Rozelda? Kuna kuinama na kuinama."

"Juu ya injini. Anamwambia, mwache apumue."

"Heee! Nani apumue?"

"Ningejua ningekupigia simu?"

"Njoo kwangu leo leo. Chumba cha nyuma kitupu. Na huyo samaki usimwachie, njoo naye."

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda tangu Jumatano, limepakiwa tayari.

Gari lenyewe Rozelda hakuwahi kulionea wivu. Neville alilileta miaka saba nyuma, bati tupu lenye kutu, kuku wametaga chini ya usukani. Akakata kutu, akachomelea, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka, akalipaka rangi mara tano. Viti vya ngozi alivishona Rozelda kwa cherehani yake, sindano nne zikavunjika. Na wiki iliyopita alimkuta Bernadine kakikalia kimoja, anajizungusha kukijaribu! Usiku ule Rozelda hakulala kwa kuyawaza makalio ya mtu.

Maana dalili alikuwa kashaziona. Tangu mwaka jana Neville hapokei simu, anataka aandikiwe ujumbe tu. Televisheni anaifungulia mpaka majirani wanajua habari bila kununua gazeti. Mkewe akisemea nyuma yake, hageuki. Kisha, katikati ya Kwaresima, Neville akiwa kwenye sinki anaosha grisi mikononi, Rozelda akajikaza akamuuliza:

"Neville, bado unanipenda?"

"Kesho, mke wangu," akajibu bila kugeuka. "Kesho asubuhi, nikiamka."

Rozelda akalia, akavisingizia vitunguu.

Jumatano ndiyo akauona ujumbe kwenye simu ya mumewe: "Nitakuja Jumamosi saa nne. Lakini ukweli utamwambia lini mkeo? Hili si jambo la kuficha mwaka mzima. Bernadine."

Jumamosi ndiyo hiyo. Rozelda akalivuta sanduku mpaka gereji, magurudumu yanapiga kelele kwenye saruji.

"Hamjambo, wapumuaji!"

Bernadine akaruka. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, ncha moja kaibandika sikioni. Neville hakuinua hata kichwa. Rozelda akaingiza mkono garini, akauzungusha ufunguo. Injini ikanyamaza.

"Usizime, Berna," Neville akasema, kichwa bado kimezama kwenye boneti. "Bado kidogo."

"Berna? Siku hizi ni Berna?" Rozelda akamfokea kisogoni.

Neville akaendelea kuichungulia injini.

"Nakuuliza wewe, Neville Jantjies!"

"Washa basi," akasema, mpole kabisa.

"Niwashe? Nitakuwasha wewe kofi! Hata aibu huna, nipo nyuma yako unanipa mgongo?"

Bernadine akamgusa Neville begani.

"Toa mkono wako!"

"Anti Rozelda, nisipomgusa hatajua kama umeingia."

Neville akageuka. Akamwona mkewe, akaliona sanduku, bisibisi ikamdondoka.

"Mwambie, Anko Neville," Bernadine akasema. "Mimi nimechoka kubeba."

Rozelda akashika mlango. "Kubeba? Umebeba?"

"Siri, Anti! Nimebeba siri! Jamani, mimi na huyu mzee?"

"Mzee ana nini?" Rozelda akang'aka. Kuibiwa hataki, na kudharauliwa alicho nacho hataki pia.

Neville akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetaka vidole viwe ishirini.

"Zelda," akasema, "masikio yangu yamekwisha."

"Yamekwisha vipi?"

Akamtazama midomo kabla ya kujibu. "Miaka thelathini kwenye mashine za kukandia bati kule kiwandani. La kushoto limekufa. La kulia nasikia kama niko ndani ya pipa. Kabureta hizi ziko mbili, lazima zivute hewa sawasawa. Unaweka mpira kwenye mdomo wa hii, unasikiliza, unaweka kwenye ile, unasikiliza. Zamani nilisikiliza bila mpira. Sasa hata kwa mpira sisikii, Berna ndiye ananisikilizia. Jumatatu gari linakwenda kwenye maonyesho, na linamisi, injini inakatakata."

Ieleweke, mtaa mzima wa Schauderville humwita Sikio. Gari lilikuwa likipita barabarani, yeye getini, anakwambia plagi ya ngapi imekufa.

"Nami sina masikio?" Rozelda akauliza, sauti imemshuka. "Ushindwe kuniambia mimi, ukamwambie huyu wa kupaka rangi midomo?"

"Wewe ndiye sikutaka ujue kabisa. Siku ile tuliyokutana nilikwambia mkanda wa feni wa basi lenu utakatika, ukakatika kweli, nawe ukacheka, ukanipa jina lako. Ulilipenda sikio, Zelda. Sasa halipo. Nikaogopa."

Rozelda akakaa juu ya sanduku.

"Neville. Kwaresima, pale kwenye sinki, nilikuuliza nini?"

"Takataka," akajibu bila kusita. "Uliniuliza takataka nitazitoa lini. Na nilizitoa!"

Rozelda akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

Akasimama, akanyoosha mkono kwa Bernadine. "Lete huo mpira."

Neville akawasha. Rozelda akaweka ncha kwenye kabureta ya kwanza, ncha sikioni. Akahamia ya pili. Akarudi.

"Huyu wa kushoto anavuta kama mtu anayefyonza chai ya moto," akasema huku akielekeza kwa kidole. "Wa kulia anavuta kwa adabu."

Neville akazungusha skrubu. Rozelda akainua kiganja: simama. Injini ikatulia, ikaunguruma laini kama paka kashiba.

"Anti, una sikio!" Bernadine akashangaa.

"Ninalo, mwanangu. Jikoni kuna chai na samaki. Kula ushibe, kisha mlango unaujua."

Bernadine alipokwenda, Rozelda akazima injini. Akaiweka ncha ya mpira kwenye sikio la kulia la mumewe, akasema kwenye ncha ya pili:

"Neville. Bado unanipenda?"

Neville akamtazama mkewe.

"Ndilo uliloniuliza siku ile?"

"Ndilo."

"Nami nikakujibu kesho?"

"Asubuhi, ukiamka."

Mzee akaiva uso mpaka shingoni. Akauchukua mpira, akaugeuza, akaubandika sikioni mwa mkewe asiye na ugonjwa wowote wa masikio, akanong'ona kwa muda mrefu. Alichosema kilipita mle ndani ya mpira, hakikumwagika hata tone. Bernadine dirishani, kipande cha samaki mdomoni, alijivuta mpaka nusura atumbukie kwenye sinki, hakuambulia neno.

Jumatatu gari jekundu likatoka getini, Rozelda kakaa kwenye kiti alichokishona, mpira kauning'iniza shingoni kama daktari. Simu ikalia.

"Rozelda! Tangu juzi nimetandika kitanda. Unakuja lini?"

"Kesho, Valencia," akasema, mkono mwingine uko gotini kwa Sikio. "Kesho asubuhi, nikiamka."