Siku Themanini na Nne za Zuena

Pikapu ya kiwanda ilishatoka getini. Godoro la Zuena limekunjwa nyuma na kufungwa kamba ya katani, na mwenyewe kakaa juu yake kama aliyepanda punda. Kule kwenye ngazi za bweni la Mtoni wenzake walisimama na kanga zao mabegani, hakuna aliyepunga mkono. Mtunza stoo alikuwa kabaki na njumu za Zuena.

"Mali ya timu," alimwambia, akazining'iniza begani kama kuku wawili wa kuuza.

Dereva Wilbert akatoa kichwa dirishani.

"Dada Zuena, nakupeleka wapi?"

"Pugu. Kwa mama."

Hawajafika mbali Zuena akagonga paa la gari, kwa kwa kwa.

"Geuza! Nipeleke Tandika."

"Pugu, Tandika... Dada, mafuta ya kampuni haya."

"Kampuni imenifukuza, wacha inisindikize. Tandika kuna mtu kaniuza, nataka nimwone usoni."

Ilikuwa Juni, tisini na sita. Zuena alikuwa namba sita wa Mkunazi Stars, timu ya wanawake ya kiwanda cha sabuni ya Mkunazi. Serikali ilishakiuza kiwanda, na tajiri mpya akaona wanawake wakicheza mpira watamtangazia sabuni kuliko redio. Hakukosea. Watu walikuja kucheka, wakarudi nyumbani na vipande viwili viwili. Zuena alikuwa hajui kukaa. Toka mtoto alikuwa wa kukimbia, na kiwanja ndicho mahali pekee duniani ambapo kukimbia kwake hakukumuudhi mtu. Alipopewa mkataba aliutia sahihi magoti yakiruka. Kifungu cha tisa alikiona siku hiyo hiyo, akakipita kama anavyopita beki aliyelala.

Sasa kifungu cha tisa kimesimama.

Mtu ambaye Zuena alikuwa akimfuata Tandika ni Bi Mauwa, mlezi wa wasichana bwenini, ambaye kabla ya hapo alikuwa kungwi. Ndiye aliyemfunda Zuena alipovunja ungo. Ndiye somo yake. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni kwake, uani, anachambua mchele.

"Shikamoo leo haitoki, somo," Zuena akasema, godoro kichwani.

"Basi kaa nayo, ikikuwasha utaitoa. Godoro la nini?"

"Wameniondoa! Umenisema kwa meneja. Nani mwingine kajua nina mimba? Mie nilikufungulia moyo wewe!"

Bi Mauwa akaweka ungo chini polepole.

"Mie? Nimefunda wanawali arobaini na ushei. Siku nikifungua mdomo huu, nusu ya ndoa za Temeke zinavunjika kabla ya adhuhuri. Nimefunga miaka yote hiyo, nije nifungue kwako wewe?"

"Sasa nani?"

"Barua wamekupa? Nisomee. Macho ninayo, herufi sina."

Zuena akaitoa kifuani, akasoma kwa hasira:

"'Kwa taarifa za uhakika zilizotufikia, una ujauzito wa wiki kumi na moja, uliothibitishwa kliniki tarehe 28 Mei. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, mchezaji atakayepata mimba atahesabiwa kuwa amejiondoa mwenyewe katika timu na makazi ya timu...'"

"Simama hapo. Wiki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mie uliniambia nini?"

"Nilikwambia... siku zangu zimepita."

"Ulinitajia wiki?"

"Hapana."

"Tarehe ya kliniki?"

"Hapana, somo."

"Kliniki ulikwenda na nani?"

Zuena akaikunja barua. Alikwenda na Mudathir, karani wa utumishi pale kiwandani, mpenzi wake wa mwaka na nusu. Kadi ya kliniki Mudathir ndiye aliyeibeba, mfuko wa shati, upande wa moyo, njia nzima anaigusa gusa na kucheka peke yake.

"Shikamoo, somo," Zuena akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nilikwambia itakuwasha."

Duka la Mwishehe, nyumba ya tatu, lilikuwa na simu. Zuena alipiga akiwa amesimama, waya umemzunguka kiunoni kwa kuzungukazunguka kwake.

"Utumishi, habari za asubuhi."

"Ni mie."

"Zuena! Uko wapi? Nimekwenda bwenini wanasema—"

"Kliniki tulikwenda tarehe ngapi, Mudathir?"

Ukasikika mlango wa ofisi unafungwa.

"Sema, dakika zinakwenda."

"Ishirini na nane. Zuena, nisikilize. Ile barua sikuichapa mie, kaichapa sekretari wake. Nilimwambia meneja akupumzishe tu. Jumamosi ulivyopigwa kile kiwiko nilikuwa jukwaani, nikang'ata kola ya shati mpaka ikatoka. Ningekaa nikutazame unaumizwa na mtoto ndani? Halafu na mama kasema..."

"Ahaa. Na mama kasema."

"Kasema watu wa Kinondoni watamcheka, mkwe wake anakaguliwa mapaja na watu elfu mbili."

"Kwa hiyo ulitaka nipumzike, au ulitaka nikae?"

"Nilikuwa nakuja kukuposa, Zuena!"

"Unapeleka taarifa kwa meneja, halafu posa kwangu? Umekosea foleni, kaka. Mie nilitaka nizae, nirudi namba yangu. Hicho tu, sikuomba kingine. Na wewe ndiye uliyekuwa unakijua."

Akakata. Mwishehe, kwa adabu, alijifanya anapanga viberiti.

Siku mbili Zuena hakutulia. Asubuhi Keko, mchana Temeke, jioni Tandika tena, kanga kiunoni, anakwenda tu kama tiara iliyokatika uzi. Bi Mauwa akachoka.

"Kaa!"

"Siwezi."

"Basi fungua hilo begi, nguo zitaota ukungu."

Zuena akalimwaga begi mkekani. Katikati ya soksi kikaanguka kitambulisho chenye picha yake, kafumba jicho moja kwa mwanga wa kamera.

"Hiki nacho?"

"Cha mwaka jana, kombe la makampuni. Walitaka wafanyakazi watupu wacheze, ndio kiwanda kikatuandika."

"Wakakuandika nani?"

"'Mfungashaji, mfanyakazi wa kudumu.'"

"Umewahi kufungasha sabuni wewe?"

"Hata kipande."

Bi Mauwa akakishika kitambulisho kwa vidole viwili, akakigeuza.

"Mwanangu Mwanaasha alikuwa kiwanda cha nguo. Alipozaa alikaa nyumbani siku themanini na nne, mshahara unaingia, na mume alikuwa hana. Siku ya themanini na tano karudi kwenye cherehani yake ile ile. Sasa mfungashaji wa sabuni ana tofauti gani na mshonaji?"

Zuena, kwa mara ya kwanza toka barua ile, akakaa kitako.

Kesho yake wakaenda ofisi ya kazi. Afisa aliyewapokea aliitwa Mama Felicitas, mtu wa Bukoba, miwani imefungwa uzi mweusi. Akakitazama kitambulisho, akatikisa kichwa.

"Haki ipo. Lakini kwa hiki peke yake watasema umekiokota. Nataka orodha iliyopelekwa kwenye kombe, yenye sahihi ya mwajiri. Inakaa wapi?"

Zuena akatazama ukutani.

"Kabati la utumishi," Bi Mauwa akamjibia. "Funguo anazo mwanamume ambaye huyu hataki kumsikia."

"Mimi nitakuwa kwa meneja Ijumaa saa nne," Mama Felicitas akasema. "Hayo ya kutaka na kutotaka malizeni nyie."

Njiani Zuena akaapa bora akaange vitumbua kuliko kumwomba Mudathir.

"Utakaanga kwa mafuta gani, ya hasira?" Bi Mauwa akamuuliza. "Mwandikie. Akija umejua mume. Asipokuja umejua pia."

Akaandika kikaratasi, Wilbert akakipeleka: *Orodha ya wafungashaji wa kombe. Ijumaa saa nne, ofisini kwa meneja. Usipokuja nayo, usije kwangu tena.*

Jibu halikuja.

Ijumaa, Meneja Ansbert aliwakaribisha kwa heshima zote. Nyuma yake kabati la kioo, ndani kombe linameremeta. Saa nne ikapita. Mguu wa Zuena ulikuwa unacheza chini ya meza peke yake.

"Hawa ni wachezaji, mama," Ansbert akamwambia Mama Felicitas. "Sio wafanyakazi. Mkataba wameutia sahihi wenyewe. Tena huyu hana hata mume!"

"Sheria inauliza tumbo, bwana meneja. Haiulizi pete."

"Ya wafanyakazi, mama. Wafanyakazi! Mudathir! Lete faili la mkataba wa Zuena."

Mlango ukafunguliwa. Mudathir aliingia, macho mekundu, mafaili mawili mkononi. Hakumtazama Zuena.

"Nimekuomba moja," Ansbert akasema.

"Ndiyo, bosi. Hili la pili ni lile ulilosahau."

Akaliweka mbele ya Mama Felicitas, si mbele ya bosi wake. Mama akapandisha miwani, akasoma kwa sauti:

"'Nathibitisha kuwa wachezaji kumi na wanane waliotajwa hapa ni wafanyakazi wa kudumu wa kiwanda.' Sahihi hii ya nani?"

Ansbert akakohoa. "Yangu. Lakini hiyo ilikuwa kwa ajili ya kombe tu."

"Kombe liko wapi?"

Wote wakaligeukia kabati.

"Basi chagua," Mama Felicitas akasema. "Ni wafanyakazi, binti apate siku zake themanini na nne na mshahara wake, na nafasi yake imngoje. Sio wafanyakazi, mlidanganya, na kombe hilo tunalirudisha leo hii kwa wenyewe. Bibi huyu ana kanga ya kulibebea."

Bi Mauwa alishaanza kuivua kanga ya begani.

"Mama, kaa, kaa!" Ansbert akainua mikono. Akamgeukia karani wake. "Mudathir, wewe uko upande gani?"

"Upande wa faili, bosi."

Saa tano kasorobo barua mpya ilikuwa imechapwa. Safari hii aliichapa Mudathir mwenyewe, kwa vidole viwili, na hakukosea herufi.

Zuena alimkuta nje, karibu na bomba, ananawa uso.

"Kakufukuza?"

"Kasema Jumatatu nikabidhi funguo."

"Kikaratasi changu hukukijibu."

"Niandike nini? Ningekuandikia nakuja, halafu woga unishike mlangoni?" Akajifuta kwa mkono wa shati. "Samahani, Zuena. Nilitoa siri isiyo yangu."

"Tumbo lilikuwa lako nusu, sikatai. Mpira ulikuwa wangu wote."

"Nimejua."

"Umejua leo."

"Leo basi. Niambie nifanye nini."

Zuena akamtazama mtu huyu ambaye wiki iliyopita alimtoa nyumbani na leo kajitoa mwenyewe kazini. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumfuta maji yaliyobaki sikioni. Akamfuta maji.

"Leta posa kwa somo yangu. Masharti nitayasema mbele ya sheikh, uyasikie wewe na mama yako ayasikie."

Ndoa ilifungwa Ijumaa ya tatu, uani kwa Bi Mauwa, baba mdogo wa Zuena katoka Pugu kuwa walii wa kumwozesha. Mama yake Mudathir alikuja toka Kinondoni, kajifunika buibui kama aliyekuja msibani. Sheikh akatuma watu chumbani wamuulize bibi harusi mahari yake. Wakarudi wanatazamana.

"Anasema njumu, sheikh. Jozi moja, mpya, namba thelathini na nane."

"Njumu?"

"Viatu vya mpira."

"Astaghfirullah!" mama mkwe akasikika upande wa wanawake. "Wenzake wanataka kitanda!"

"Mahari ni ya mke, bibi, na anataja mke," sheikh akasema. "Na sharti?"

"Asizuiwe kucheza mpira mpaka miguu yake yenyewe iseme basi."

Sheikh akasugua ndevu. "Bwana harusi, umesikia. Umekubali?"

"Nimekubali."

Sauti ya Zuena ikatoka dirishani: "Aseme kwa nguvu, mama asikie!"

"NIMEKUBALI!"

Bi Mauwa akapiga kigelegele ambacho Mwishehe alikisikia dukani kwake.

Zuena alijifungua Desemba, mtoto wa kike, wakamwita Shamimu. Siku ya themanini na tano alirudi mazoezini Mtoni, na mwezi uliofuata akarudi namba sita. Bi Mauwa alikaa benchi na mtoto, na wakati wa mapumziko mtoto alinyonya. Wachezaji wengine wawili walipata siku zao baada yake. Kifungu cha tisa kilifutwa kwa kalamu, hakuna aliyetangaza. Ansbert alihamishiwa tawi la Mwanza. Kiwanda kilifungwa tisini na tisa na timu ikafa nacho, na kombe haijulikani alilichukua nani. Zuena alichezea timu nyingine mbili mpaka goti la kushoto lilipokataa, mwaka elfu mbili na tatu.

Mudathir alifungua kibanda cha kuchapa karibu na soko la Tandika. Mtu akileta mkataba, humsomea vifungu vyote kwa sauti kabla hajaugusa, wengine hukasirika na kwenda kwa jirani. Mama yake alikuja uwanjani mara moja, akaondoka mapumziko, akasema ni jua. Mama Felicitas alistaafu akarudi Bukoba. Wilbert anaendesha malori ya Tunduma. Bi Mauwa alifariki mwaka elfu mbili na tano, na siri zake zote akaenda nazo.

Njumu za mahari ziliisha meno mwaka wa pili. Ziko msumarini, nyuma ya mlango. Shamimu mpira hakuupenda.