Kemuma na Vijidudu vya Tumboni

Abner Onyancha alikuwa akichagua ndizi sokoni Mosocho tumbo lilipomkata, akainama katikati ya watu.

"Kaka, hiyo ni njaa au ugonjwa?"

Aliinua macho. Msichana wa gauni la samawati, kikapu cha parachichi mkononi, alikuwa akimtazama.

"Ni tumbo tu, dada. Nimelizoea."

"Maumivu hayazoeleki. Njoo maabara ninakofanya kazi, pale Kisii mjini, uniulizie. Naitwa Kemuma."

Alimuulizia. Mara ya kwanza aliletwa na tumbo. Zilizofuata, aliletwa na Kemuma. Ilikuwa mwaka 1996, na Abner hakuchoka kumsikiliza akisimulia kijidudu kilichojipinda, kinachoishi tumboni ndani ya asidi kali.

"Na asidi haikiui?"

"Wapi! Kikaidi kama wewe."

Alipojua kwamba babake Abner alikufa kwa saratani ya tumbo, Kemuma hakumpa nafasi ya kukataa. Abner akameza mpira mwembamba wenye taa wa kutazamia tumbo, daktari akakata kipande kidogo cha tumbo cha kupimwa.

Siku ya majibu, akiwa mlangoni, alimsikia daktari akimwambia Kemuma: "Vimejaa. Na hivi ndivyo huleta saratani."

Hakubisha hodi. Aligeuka, akaenda zake.

Kesho yake Kemuma alipiga simu duka la vitambaa la Praful, alikofanya kazi Abner.

"Mbona umepotea, mpenzi?"

"Kemuma, nisahau. Nimepata mwingine."

"Anaitwa nani?"

Abner akakwama. Simu ikakatwa, na muda si mrefu Kemuma akaingia dukani, koti jeupe la maabara bado mwilini.

"Hujui kudanganya, Abner."

"Nilimsikia daktari. Nina kile kilichomuua baba. Sitaki uolewe leo, kesho uwe mjane."

"Ulisikia nusu! Vijidudu vimo, saratani haimo. Nimekitazama kile kipande mwenyewe, pembe zote. Vikiachwa miaka mingi ndipo huweza kuileta. Sisi tunaviua sasa, kwa dawa ya wiki mbili."

Abner alijifuta machozi kwa kiganja. "Umeniona mpaka ndani ya tumbo, na bado umenifuata?"

"Tumbo lenyewe si zuri hivyo."

Abner alicheka, kisha akamshika mkono. "Twende nyumbani Nyamira, uwapime mama na wadogo zangu."

"Nikienda kama mtu wa maabara, watanikimbia."

"Basi nenda kama mkamwana wa mama."

Kemuma akainua macho kwenye rafu, nyuma ya mwenye duka.

"Bwana Praful," alisema, "nishushie ile satini nyeupe niione."